G3 inakwama, maganda yanatoka yamebonyea: ni magazini, ni chemba au ni rola?

#1 Doria_Mokowe

Assalaam aleykum wadau. Naandaa ripoti ya hitilafu ya kumpa fundi wa ghala la silaha, nataka iwe na maana, si "bunduki mbovu" basi.

Bunduki ni mbili, G3 zote, za kituo. Nitaziita A na B. Zimepigwa uwanjani risasi 60 kila moja, risasi za fungu moja. B haikukwama hata mara moja. A imekwama mara 6. Katika hizo, mara 3 ganda lilibaki ndani ya chemba (nyuma ya mtutu, risasi inapokaa ikipigwa) na risasi iliyofuata ikaligonga kwa nyuma. Mara 2 bolti (kipande cha chuma kinachosukuma risasi chembani) ilipita juu ya risasi mpya ikaibana. Mara 1 ganda lilitoka chemba likabanwa dirishani, kwenye tundu la kutokea maganda.

Maganda ya A karibu yote yamebonyea ubavuni, mengine midomo imelalia upande mmoja, na yote yana mistari myeusi ya urefu. Risasi mbili zilizobanwa zimebonyea begani, pale ganda linapopungua unene kuelekea mdomo. A imesafishwa kwa mafuta taa ikapakwa oili kabla ya zoezi.

Swali: hii mibonyeo ndiyo inayokwamisha, au ni dalili ya kitu kingine?

#2 FundiGhala

Waaleykum salaam. Umeleta hesabu, ndiyo maana utajibiwa.

Naanza na mistari myeusi, maana kila mwenye kuiona mara ya kwanza hudhani chemba imekwaruzika. Si ugonjwa. Chemba ya G3 imechongwa mifereji 12. Bolti ya bunduki hii huanza kurudi nyuma wakati presha bado iko ndani ya mtutu, na ganda likiwa bado limetanuka limeshika ukuta. Mifereji hupitisha gesi kati ya ganda na ukuta, ganda likaelea. Bila hiyo gesi ekstrakta (kulabu ya bolti inayovuta ganda) ingekata ukingo wa ganda na ganda lingebaki. Mistari huanzia mdomoni ikashuka mwilini, na haifiki kwenye kitako cha ganda.

Kwa hiyo mistari ni salama. Ila iangalie vizuri: hesabu kama iko 12 na kama yote ni myeusi sawasawa. Mfereji ulioziba hautoi mstari. Una ganda la A karibu?

#3 Pwani_Tupu

Hiyo ni pistoni ya gesi. Ifungue, ichune masizi, punguza gesi kidogo kwenye regyuleta, maganda yataacha kubonyea.

#4 Mkunguni

Yakhe #3, hiyo pistoni utaitafuta mpaka kusi iishe. G3 haina pistoni, haina tundu la gesi kwenye mtutu, haina regyuleta. Bomba lililo juu ya mtutu ni la mkono wa kukokia tu. Uliyoeleza ni bunduki nyingine, FAL. AK nayo ina pistoni, lakini regyuleta haina.

G3 inacheleweshwa na rola mbili zilizo kwenye kichwa cha bolti. Rola zinakaa kwenye vishimo vya kipande kilichochomelewa nyuma ya mtutu. Presha ikisukuma kichwa cha bolti, rola lazima kwanza ziingie ndani, na zikiingia zinamsukuma kibeba bolti kwa kasi kubwa kuliko kichwa chenyewe. Kucheleweshwa huko ndiko kunakofanya kazi ya kufunga.

#5 Pwani_Tupu

Nimekubali, nilikuwa na FAL kichwani. Ahsante.

#6 Venia_71

Doria, umechanganya vitu viwili kwenye mkebe mmoja, na hapo ndipo ripoti itakapoharibika. Tenga mibonyeo ya maganda na mibonyeo ya risasi ambazo hazijapigwa.

Sababu ni hii. Risasi ikilipuka, presha hulibandika ganda kwenye ukuta wa chemba. Bonyeo lolote lililokuwepo kabla, begani au ubavuni, hunyooka. Ganda huchukua umbo la chemba. Kwa hiyo bonyeo unaloliona kwenye ganda tupu limetokea BAADA ya mlio, njiani kutoka nje. Na bonyeo lililo kwenye risasi nzima limetokea KABLA, kwenye magazini au wakati wa kupandishwa. Makosa mawili tofauti, sehemu mbili tofauti za bunduki.

Sasa maganda. Lipange kila moja kitako chini, mezani, ulitazame:

Bonyeo ubavuni, refu kidogo, mahali palepale kwenye kila ganda: limegonga ukingo wa dirisha likitoka. Kwa G3 hilo ni jambo la kila siku. Maganda ya bunduki hii hurushwa kwa nguvu mno, mita kadhaa mbele kuliani. Kuna kipande cha kinga hufungwa kwenye ukingo wa dirisha kupunguza hilo. Kinapunguza bonyeo tu, hakiponyi kukwama.

Mdomo uliolala upande mmoja: ganda limegonga mahali likiwa linazunguka, au limeangukia jiwe. Usilipe uzito.

Ukingo wa kitako uliopinda au uliomeguka: hapo simama. Hiyo ni ekstrakta inavuta ganda lisilotaka kutoka. Hili ndilo la kutafuta kwenye yale matatu yaliyobaki chembani.

Kitako kilichovimba, au fataki (kidude cha kitakoni kinachowasha baruti) iliyotobolewa: bunduki isipigwe tena, ipelekwe kwa fundi siku hiyohiyo.

Na zile risasi mbili zilizobonyea begani usizipige. Kichwa (ncha inayoruka) kinaweza kuwa kimesukumwa ndani ya ganda, na kichwa kikizama presha hupanda. Pima kwa venia (kipimo cha kubana cha milimita): risasi ya 7.62×51 haizidi milimita 71.1 kwa urefu wote. Linganisha na nzima ya fungu lilelile. Hata ukikuta zimelingana, zirudishe ghalani kama risasi mbovu.

#7 Doria_Mokowe

Shukran #6, sikuwa nimetenga. Yale matatu nimeyakuta: mawili ukingo umekwaruzwa lakini haukumeguka, moja umepinda kidogo. FundiGhala, nimehesabu mistari ya A: 12, ila kama minne hivi ni hafifu, kijivu. Ya B yote ni myeusi.

#8 Mzee_wa_Hindi

Hapa Lamu wa kwanza kushukiwa ni chumvi, halafu ndio mengine. Bunduki inayopanda boti Mokowe mpaka Kiunga haiwezi kuangaliwa kama ya bara. Hewa ya kaskazi inaleta vumbi, ya kusi inaleta unyevu, na mchanga wa Shela ni laini unaingia kila pahala.

Mafuta taa yanatoa oili na masizi. Chumvi hayaitoi. Chumvi inayeyushwa na maji tu. Ukipaka oili juu ya chumvi umeifunika ikae inakula chuma taratibu.

Njia: maji ya moto yasiyo na chumvi, pitisha kwenye chemba na mtutu, futa, kausha kabisa, halafu ndio oili. Na maji yawe ya mvua, ya jabia (birika la kuhifadhia maji ya mvua). Maji ya visima vingi vya visiwani yana chumvichumvi, utakuwa unaosha chumvi kwa chumvi.

#9 Mkunguni

Naongezea la mzee. Kuna risasi za zamani ambazo fataki zake zina kemikali inayoacha chumvi yenyewe kwenye mtutu baada ya kupigwa, hata kama bunduki haijaona bahari. Dawa ni ileile, maji kwanza. Usiku mmoja wa unyevu wa kusi unatosha kuona kutu.

#10 Chuku_Chuku

Mafuta ya nazi je? Kuna wanaopaka.

#11 FundiGhala

Hapana. Mafuta ya nazi huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi, yakikaa yanaoza na kushika vumbi. Ya kukaangia samaki yabaki jikoni. Oili nyepesi ya silaha, na kidogo.

Hapo kwenye "kidogo" nataka nikae, maana Doria alisema A "ikapakwa oili". Wapi? Kama ilipakwa mpaka chemba, tumeshapata mshukiwa. CHEMBA YA G3 HUPIGWA IKIWA KAVU. Oili ikijaa kwenye mifereji, gesi haipiti vizuri, na masizi ya risasi za kwanza yanachanganyika nayo yanakuwa kama lami. Kisha ganda lenye oili halishiki ukuta hata kidogo, mzigo wote unamwangukia kichwa cha bolti. Oili inatakiwa kwenye rola, kwenye mbavu za kibeba bolti zinapotelezea, kwenye bomba la mkono wa kukokia. Tone moja moja, sambaza kwa kidole, futa inayozidi. Magazini ndani isipakwe. Kitambaa chenye unyevunyevu wa oili kipite kwa nje kuzuia kutu, basi.

Kusafisha mifereji nako hakufanywi kwa brashi ya mtutu. Brashi ya mtutu ni nyembamba, inapita katikati bila kugusa mifereji. Tumia brashi ya chemba, ile nene ya shaba. Hatua zangu ni hizi:

Toa magazini. Koki, tazama chemba kwa macho na kwa kidole, hakikisha ni tupu. Toa pini za kitako uziweke kwenye matundu yake ubavuni mwa kitako zisipotee, vuta kitako nyuma, shusha boksi la triga, vuta mkono wa kukokia mpaka bolti itoke. Lowesha chemba kwa dawa ya kusafishia, acha dakika 10. Ingiza brashi ya chemba kwa nyuma, sukuma na kuvuta huku ukiizungusha, mara 15 au zaidi. Futa kwa kitambaa kilichokunjwa nene kiingie kwenye mifereji. Rudia mpaka kitambaa kitoke cheupe. Mulika tochi kwa mbele, tazama kwa nyuma: mifereji yote ionekane na kingo zake kali. Ile minne ya kijivu uliyoitaja, ndiyo hiyo uitafute.

#12 Gede_Msituni

Naandika kutoka Malindi. Kabla hamjaisafisha, magazini ziliandikwa namba? Nasema hivi kwa sababu zile mara 2 za bolti kupita juu ya risasi hazihusiani na mifereji kabisa. Ganda lilishatoka salama, bolti ikarudi, ikaikosa risasi mpya. Risasi haikupanda kwa wakati au ilikaa chini. Hiyo ni magazini, mpaka kithibitike kingine.

Chukua rangi, andika 1, 2, 3, 4 kwenye kila magazini. Kagua midomo: iweke pembeni ya magazini unayoiamini, pima upana wa midomo kwa venia, pande zote mbili, mbele na nyuma. Midomo ikifunguka risasi inatoka mapema, ikibana inachelewa. Bonyeza kisukuma risasi kwa kidole mpaka chini, kinakwama wapi? Kikikwama, kuna bonyeo kwenye mwili wa magazini au mchanga ndani. Kisha angalia kishikizo: magazini ikiwa ndani ya bunduki, ivute chini na uitikise. Ikicheza sana, kishikizo chake kimelika na magazini inakaa chini ya mahali pake.

#13 Pwani_Tupu

Wengine hujaza 18 badala ya 20 kupunguza mzigo wa springi. Ni kweli inasaidia?

#14 Gede_Msituni

Inasaidia risasi ya kwanza kusukumwa kirahisi ukiingiza magazini bolti ikiwa imefungwa. Kama kukwama kunatokea risasi ya 9 au ya 14, hiyo 18 haikufai kitu. Doria, zilikwama ya ngapi?

#15 Doria_Mokowe

Bolti kupita juu: ya 19 na ya 20 ndani ya magazini, yaani zile za mwisho. Ganda kubaki chembani: hazina mpango, ila zote ni baada ya risasi ya 30 za siku. Namba hazikuwepo kwenye magazini, nimeshaziandika leo.

#16 Gede_Msituni

Za mwisho mbili! Springi imechoka. Magazini ikijaa springi imebanwa, ina nguvu. Ikibaki risasi mbili imenyooka, ndipo udhaifu unapoonekana. Umejijibu mwenyewe.

#17 Venia_71

Na "baada ya 30" inaunga mkono masizi na oili ya FundiGhala. Chemba ikipata moto na kuchafuka ndipo inashika.

#18 Kombo_Fila

Mnakimbilia mepesi, hakuna aliyeuliza nafasi ya bolti. Kwenye G3 hicho ndicho kipimo cha kwanza, sawa na daktari kupima joto kabla ya kuuliza maswali.

Bunduki tupu, imethibitishwa tupu mara mbili. Magazini nje. Vuta mkono wa kukokia mpaka nyuma, uachie ujifunge kwa nguvu zake. Geuza bunduki chali. Kupitia tundu la magazini utaona mpaka kati ya kichwa cha bolti na kibeba bolti. Ingiza fila geji hapo (majani membamba ya chuma ya kupimia nafasi). Inatakiwa kati ya milimita 0.10 na 0.50. Usilazimishe jani la fila. Liingie kwa msuguano mdogo. Andika pia kama nyundo ilikuwa imekokiwa au imeachiwa, upime hali hiyohiyo kila mara, usije ukalinganisha vipimo viwili visivyofanana.

Nafasi ikipungua maana yake rola au vishimo vyake vimelika. Bolti inafunguka mapema mno, ganda linavutwa presha ikiwa juu, linarushwa kwa fujo. Hapo ndipo ukingo unapopinda na ubavu kubonyea zaidi. Chini ya 0.10 bunduki haipigwi.

Marekebisho ni kubadilisha rola. Ya kawaida ni milimita 8.00, na zipo kubwa na ndogo zinazopishana kwa 0.02. Rola kubwa zaidi huongeza nafasi. Kazi hiyo ni ya fundi wa ghala mwenye geji zake, si ya kituoni.

#19 Chuku_Chuku

Fila geji ni ile ya mafundi wa mashine za boti? Ya kupimia plagi?

#20 Kombo_Fila

Hiyohiyo. Ila seti nyingine huanzia 0.15. Tafuta yenye jani la 0.10, na lisiwe na kutu wala kupinda.

#21 Doria_Mokowe

Nimepima, nyundo ikiwa imeachiwa kwa zote mbili. A: jani la 0.15 linaingia, la 0.20 haliingii. B: la 0.30 linaingia. Seti niliyoazima inaanzia 0.15.

#22 Kombo_Fila

Nilijua. A imebakiza kidogo kufika chini.

#23 FundiGhala

Ndugu yangu Kombo, 0.15 iko ndani ya kipimo. Huwezi kuilaani bunduki iliyo ndani ya kipimo. Unaiandika kwenye kitabu chake, inapimwa tena baada ya idadi fulani ya risasi. Ikiwa imesimama palepale, iache. Ikiwa inashuka, hapo zungumza rola. Kipimo kimoja hakikwambii mwendo.

#24 Kombo_Fila

Sijasema iko nje. Nasema kati ya A na B tofauti iliyopimika ni hiyo, na A ndiyo yenye matatizo.

#25 Mkunguni

Tofauti iliyopimika ni mbili: ipo pia mistari minne ya kijivu.

#26 Pwani_Tupu

Si rahisi tu kuchukua bolti ya B kuiweka kwenye A, tukaona?

#27 Venia_71

HAPANA, na mtu yeyote asilifanye hilo. Bolti, rola na mtutu wa G3 vimepimwa pamoja, ndiyo sababu vina namba. Ukihamisha bolti, nafasi inabadilika, inaweza kushuka mpaka sifuri bila wewe kujua, na unaipiga ikiwa imeshikiliwa na springi tu. Magazini unahamisha. Bolti huhamishi.

#28 FundiGhala

Naweka sahihi chini ya #27.

Linaloweza kujaribiwa, chini ya macho ya fundi, ni boksi la triga kwa sababu ejekta ya G3 haipo kwenye bolti. Ni mkono mdogo ulio ndani ya boksi la triga, bolti ikirudi unainuka na kulipiga ganda kitakoni. Ile mara moja ya ganda kubanwa dirishani inaweza kuwa springi ya huo mkono. Ubonyeze kwa kidole: ushuke na kurudi juu haraka. Ukipanda kivivu, kuna uchafu au springi imelegea.

#29 Askari_Mstaafu

Mnasahau mkono wa mpigaji. G3 haikokiwi kwa upole. Mwenye kuusindikiza mkono wa kukokia kwenda mbele polepole, bolti haifiki, rola hazitoki zote. Vuta mpaka mwisho, achia. Na la pili, G3 haibakizi bolti nyuma risasi zikiisha. Ikilia "ka" bila mlio, wapo wanaodhani imekwama kumbe magazini tupu. Wahesabu 20.

#30 Doria_Mokowe

Hayo yameangaliwa mzee wangu, aliyepiga ni mmoja kwa zote mbili. Shukran kwa kukumbusha.

#31 Askari_Mstaafu

Vizuri. Zama zile za bunduki za Mark 4 za .303 kukwama kulikuwa kwingine kabisa. Risasi ile ina ukingo mpana kuliko mwili. Ukijaza magazini vibaya, ukingo wa risasi ya juu ukawa nyuma ya ukingo wa ile ya chini yake, zinashikana kama vidole, bolti haiipeleki mbele. Dawa ilikuwa kuipanga kila risasi ukingo wake uwe mbele ya ile ya chini. Hii 7.62 haina shida hiyo, ukingo wake umelingana na mwili.

#32 Chuku_Chuku

Mzee tuandikie uzi wake wa Mark 4, huu tutaupoteza njia.

#33 Mzee_wa_Hindi

Ganda likibaki chembani mnalitoaje? Wapo wanaolitandika kwa fimbo ya chuma kutoka mdomoni.

#34 Venia_71

Kwanza ujue ni ganda tupu au ni risasi nzima. Mtutu uelekee kwenye lengo, kidole nje ya triga. Kama umebonyeza triga na hakikulia kitu, subiri sekunde 30 usiiguse, fataki inaweza kuchelewa. Kisha toa magazini KWANZA. Ukikoki magazini ikiwa ndani utapeleka risasi nyingine mgongoni mwa ile iliyokwama, ncha yake ielekee kwenye fataki. Vuta mkono wa kukokia, ufungie juu kwenye kishimo chake, tazama chembani.

Ikiwa ni ganda tupu, fimbo ya kusafishia kutoka mdomoni, isukume kwa uzito wa mkono, uso usiwe mbele ya mdomo. Kama haliendi, acha. Ikiwa ni risasi nzima, fimbo isiingie kabisa. Bunduki inawekwa pahala salama ikielekezwa palepale, fundi anaitwa.

Na mlio ukiwa mdogo, "pu" badala ya mlio wake, usikoki tena. Kichwa kinaweza kuwa kimebaki mtutuni.

#35 Mkunguni

Hakuna aliyezungumzia risasi zenyewe. Fungu moja ndiyo, lakini zilihifadhiwa pamoja? Angalia vitako: alama ya duara lenye msalaba, mwaka, na kama ganda lina ukungu wa kijani. Shaba ikishika kijani inakuwa na mikwaruzo, inashikana na ukuta wa chemba. Maboksi yaliyofunguliwa yakakaa kwenye boti si sawa na ya ghalani.

#36 Doria_Mokowe

Narudi na majibu. Nimefuata hatua za #11, na kabla yake maji ya moto ya jabia kama alivyosema Mzee wa Hindi. Vitambaa 9 vya kwanza vilitoka na uji mweusi wa oili, cha 14 kikawa cheupe. Mifereji yote 12 inaonekana. Chemba imeachwa kavu. Ejekta inapanda haraka. Risasi zenye kijani nimezikuta 7, zimerudishwa.

A imepigwa 40. Bolti kupita juu: mara 1. Ganda kubaki chembani: mara 1, risasi ya 33. Maganda bado yamebonyea ubavuni, yote. Mistari yote ni myeusi sasa.

B imepigwa 40 kwa magazini zilezile. Bolti kupita juu: mara 1. Maganda yake nayo yamebonyea ubavuni, kidogo zaidi ya nilivyodhani mwanzo. Sikuwa nimeyatazama kwa sababu haikukwama.

#37 Gede_Msituni

Namba ya magazini?

#38 Doria_Mokowe

3. Kwenye A ni 3, kwenye B ni 3. Risasi ya 19 na ya 20.

#39 Gede_Msituni

Basi itoe kazini leo, ipakwe msalaba mwekundu.

#40 Venia_71

Na bonyeo la ubavuni lipo kwenye bunduki inayokwama na isiyokwama. Liondoe kwenye ripoti kama sababu, liandike kama maelezo.

#41 Kombo_Fila

Ganda lililobaki chembani risasi ya 33 bado liko. Chemba imesafishwa, ni kavu, risasi mbovu zimetolewa, magazini haihusiki. Tumebaki na nini? Nafasi ya 0.15.

#42 FundiGhala

Au ekstrakta. Ukingo wa lile ganda la 33 ukoje?

#43 Doria_Mokowe

Umekwaruzwa upande mmoja, haukupinda. Ni kama kulabu ilishika ikateleza.

#44 FundiGhala

Ikateleza. Springi ya ekstrakta imelegea, au jino lake limelika. Ingiza ganda tupu kwenye uso wa bolti kwa mkono, chini ya kulabu, ulitikise. La B linashikwa, linganisha na la A. Kama la A linaanguka lenyewe, springi mpya. Ni kitu kidogo, na ekstrakta haigusi nafasi ya bolti.

#45 Kombo_Fila

Springi inalegea kwa sababu inavutwa mapema kila siku. Badilisheni springi, baada ya risasi mia mbili itateleza tena.

#46 Mkunguni

Au risasi ya 33 ilikuwa na kijani ambayo haikuonekana. Ganda hilo lioshwe litazamwe kwa lenzi kabla halijatupwa.

#47 Doria_Mokowe

Nimelifunga kwenye karatasi na kuandika namba 33. Jaribio la #44: la B limeshikwa. La A limeshikwa pia, lakini likitikiswa linacheza, la B halichezi. Fundi wa boti hapa Mokowe ana fila yenye jani la 0.10 na la 0.12, nitaiazima Jumatatu nipime tena A, nyundo ikiwa imeachiwa.

#48 Kombo_Fila

Na lifute jani kwa kitambaa kabla. Oili ya boti ikibaki juu yake utasoma uongo.